Mfupa Hautaji Jina

Mvua imenyesha usiku kucha. Kingo za mto zimemomonyoka, na alfajiri mtu anayetembea na mbwa wake anaona kitu cheupe kimechomoza kwenye tope. Polisi wanafika, wanazungushia utepe. Kurasa mbili baadaye anakuja mtaalamu wa mifupa, anachuchumaa, anaokota fuvu na kuligeuza kwenye mwanga. "Mwanamke," anasema. "Miaka ishirini na minane. Amewahi kuzaa. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Yupo hapa kwa miaka mitatu sasa." Mpelelezi anaandika yote kwenye kijitabu chake, na sura inayofuata inapoanza, marehemu ameshapata jina, mume, na mtu aliyekuwa akimdai.

Ukurasa huo nimeusoma kwa waandishi wengi, na kila mara unanisisimua. Kuna jambo linalogusa moyo katika wazo kwamba mtu aliyeuawa, akafukiwa, akasahauliwa, bado ana namna ya kujieleza. Riwaya za namna hii zilivuma sana baada ya Kathy Reichs, ambaye mwenyewe ni mwanaanthropolojia wa uchunguzi wa jinai, kuanza kuchapisha hadithi zake mwaka 1997. Kufikia 2005 runinga nayo ilikuwa imeingia. Wengi waliofuata nyayo hizo waliazima glavu na koti jeupe, kazi yenyewe wakaiacha mlangoni. Nami ni msomaji wa muda mrefu wa hadithi hizi, na kadiri ninavyosoma kuhusu kazi halisi ya mifupa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kilichoachwa nje ndicho chenye hadithi kubwa zaidi.

Mfupa hautaji jina la mtu. Unachoweza kufanya ni kuitikia jina ukiitwa, na wa kuuita ni walio hai: mama aliyekwenda kuripoti kwamba mwanawe hajarudi, karani aliyefungua jalada, daktari wa meno aliyetunza kadi ya mgonjwa, ndugu aliyekubali kutoa tone la damu. Utambuzi ni kulinganisha, na kulinganisha kunahitaji vitu viwili. Riwaya hutuonyesha kimoja tu, kile kilicholala mezani.

Tuanze na hiyo meza, maana hata yenyewe huwa haisimuliwi sawasawa. Swali la kwanza la mtaalamu ni la kawaida kabisa: huu ni mfupa wa mtu? Sehemu kubwa ya mifupa inayookotwa na raia na kupelekwa polisi ni ya wanyama. Mguu wa dubu ukishachunwa na kuondolewa makucha hufanana na mkono wa binadamu kiasi cha kumtia mtu mashaka hadi atakapoutazama kwa makini. Swali la pili ni hesabu. Mtu mzima ana mifupa 206, na 106 kati ya hiyo ipo mikononi na miguuni, vipande vidogo ambavyo mchimbaji asiyejua huvitupa akidhani ni kokoto. Ikipatikana mifupa miwili ya paja, yote ya kushoto, basi hapo wapo watu wawili hata kama fuvu ni moja. Mtaalamu huipanga mifupa juu ya kitambaa katika umbo la mtu aliyelala chali, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, na kazi ya kutenganisha pingili za uti wa mgongo peke yake yaweza kumla asubuhi nzima. Sijawahi kuona riwaya iliyokaa na asubuhi hiyo. Natamani mmoja wa waandishi wetu angekaa nayo.

Baada ya kupanga ndipo anapoanza kukadiria. Kwa jinsia, macho hukimbilia nyonga kabla ya fuvu, kwa sababu nyonga ya mwanamke imeumbwa kupitisha mtoto na ya mwanamume haikuumbwa hivyo. Upande wa nyuma wa mfupa wa nyonga kuna pengo kama ndoano. Wanafunzi hufundishwa kuweka kidole gumba ndani yake: kikicheza huku na huku, kuna uwezekano mkubwa ni mwanamke, kikibanwa, mwanamume. Mwaka 1969 mtafiti T. W. Phenice alieleza alama tatu za mfupa wa kinena ambazo mpaka leo hufundishwa, na nyonga ya mtu mzima ikiwa salama mtaalamu hupata jibu sahihi kwa zaidi ya asilimia 90. Fuvu huja baadaye, likiwa na matuta ya juu ya macho, uvimbe wa mfupa nyuma ya sikio na umbo la kidevu. Haya ni kwa watu wazima tu. Mtoto ambaye hajabalehe mifupa yake haijaachana kijinsia kiasi cha kumpa mtaalamu jibu la kutegemewa, kwa hiyo mwandishi anayemfanya mtaalamu wake atazame mbavu za mtoto wa miaka sita na kusema "msichana" ametunga jambo lisilokuwepo.

Umri ndio sehemu inayonivutia kuliko zote. Kwa vijana mifupa ni kalenda nzuri. Ncha za mifupa mirefu huanza zikiwa vipande vya pekee, kisha huungana na shina kwa mpangilio unaojulikana, na meno nayo huota kwa zamu. Mfupa wa mwisho kukamilika ni mtulinga, ule unaopita juu ya kifua kutoka bega hadi kidari. Ukiushika mtulinga wa kijana wa miaka kumi na saba na kutazama ncha inayogusa kidari, utaona uso wa mfupa una mabonde na matuta madogo, kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Akiingia miaka ya ishirini huanza kujitandaza juu yake ganda jembamba la mfupa, mithili ya gamba la samaki, likianzia katikati. Kingo zake huendelea kuziba taratibu, na kufikia karibu miaka thelathini uso umekuwa laini. Kwa mtu aliyefia katikati ya safari hiyo, kipande cha mfupa kisichozidi upana wa kidole kinaweza kusema mengi.

Lakini baada ya thelathini kalenda hufifia. Mwili huacha kujenga na kuanza kuchakaa, na kila mtu huchakaa kwa mwendo wake. Njia inayotumika sana ni kutazama sehemu ya mbele ya nyonga, pale mifupa miwili ya kinena inapokutana, na kuipanga katika hatua sita zilizochapishwa mwaka 1990 na kujulikana kwa majina ya Suchey na Brooks. Kwa wanaume, hatua ya sita, iliyo ya mwisho, ina wastani wa miaka 61. Mtaalamu wa kwenye riwaya angesema "sitini na moja" na kuvua glavu. Sasa tazama mtawanyiko wenyewe: kuanzia miaka 34 hadi 86. Mtu wa miaka 34 na babu wa miaka 86 wanaweza kuwa na mfupa wa hatua ile ile. Mtaalamu makini huongeza ushahidi wa mbavu, wa meno na wa viungo vingine ili apunguze upana huo, lakini haufuti, na ripoti yake huandikwa "kati ya" na "kati ya".

Msomaji anaweza kuuliza, basi kuna ubaya gani riwaya ikisema ishirini na minane? Ni hadithi, na hadithi hutiwa chumvi. Nadhani upo ubaya, na unatokea kwenye kabati la majalada. Chukua ripoti isemayo "mwanamke, miaka 25 hadi 30". Karani anafungua orodha ya waliopotea na kuanza kukata. Jalada la kumi na moja ni la mwanamke wa miaka 34, aliyetoweka mwaka huo huo, urefu uleule. Hafai, umri umezidi. Jalada linarudi kabatini. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyehongwa, na mwanamke huyo ndiye aliye mezani. Ataitwa kwa namba miaka kumi, ndugu zake wakipiga simu kila baada ya miezi michache, kwa sababu mtu mmoja alikuwa na uhakika uliozidi ushahidi wake. Kazi ya makadirio ni kupunguza orodha bila kumtupa mtu sahihi. Upana wa makadirio ni mlango ulioachwa wazi makusudi ili huyo mtu apite. Riwaya imetufundisha kuuona upana huo kama udhaifu wa mtaalamu, na hapo ndipo inapotupotosha.

Urefu nao una hadithi ya kusisimua kuliko fomula yenyewe. Mildred Trotter, mwanaanatomia wa Marekani, alishiriki kutambua miili ya wanajeshi waliokufa katika Vita ya Pili ya Dunia, na mwaka 1952 yeye na Goldine Gleser wakachapisha hesabu za kukadiria urefu wa mtu kutokana na mifupa mirefu. Ukiwa na mfupa wa paja unapata urefu, ukiongeza au kupunguza takriban sentimita tatu. Hesabu hizo zilitumika kote duniani. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba mfupa wa muundi haukuwa umepimwa kama maelezo yalivyosema: kile kichuguu cha chini, kinachotokeza upande wa ndani wa kifundo cha mguu, kilikuwa kimeachwa nje ya kipimo. Aliyefuata maelezo kwa uaminifu alipima mfupa mrefu kuliko ule wa Trotter, na marehemu akatoka mrefu kuliko alivyokuwa. Zaidi ya miaka arobaini! Ongeza na hili, kwamba watu hutaja urefu mkubwa kuliko walio nao wanapojaza fomu, na kwamba uzee hutupunguza sote. Sentimita mbili zinaweza kumtenga mtu na jina lake.

Mengine nitayapita haraka. Kwamba mwanamke alizaa: vishimo vya kwenye nyonga vilivyodhaniwa kuwa alama ya uzazi vimeonekana kwa wanawake wasiozaa, na hata kwa wanaume. Mkono wa kushoto, au kazi ya kushona au kupiga fidla iliyosomwa kwenye alama za misuli: mifupa ina alama hizo, lakini sababu zake ni nyingi mno kumpa mtu kazi na ajira. Asili ya mtu kutokana na umbo la fuvu: wenye fani wenyewe wamekuwa wakibishana vikali kama makadirio hayo yaendelee kufanywa, na riwaya bado inayatoa kwa sentensi moja kama anayesoma kitambulisho.

Kuhusu muda tangu kifo, William Bass, mwanaanthropolojia wa Tennessee, Marekani, aliwahi kujifunza somo lake mbele ya umma, na namheshimu kwa jinsi alivyolisimulia mwenyewe tena na tena. Mwishoni mwa mwaka 1977 aliitwa kwenye kaburi la kale lililovurugwa, ambamo palikuwa na mwili uliokosa kichwa, nyama yake bado ina rangi ya waridi. Bass alikadiria ni kijana wa kiume wa miaka ya ishirini na kitu, aliyekufa si zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Jinsia alipata, umri alipata. Mwili ulikuwa wa Luteni Kanali William Shy, aliyeuawa katika mapigano ya Nashville, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Desemba 1864 akiwa na miaka 26, ukapakwa dawa za kuhifadhi na kuzikwa katika jeneza la chuma. Alikosea kwa miaka 113. Miaka michache baadaye alianzisha huko Knoxville eneo la utafiti ambamo miili iliyotolewa na watu kwa hiari huachwa ioze huku ikitazamwa siku baada ya siku, ili anayesema "miezi mitatu" awe na sababu ya kusema hivyo. Leo kuna msaada mwingine: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye chakula, ikajifungia katika meno ya watoto waliokuwa wakikua. Jino la mtu huyo linaweza kueleza alizaliwa karibu na mwaka gani. Kwa swali la kama ni kesi ya polisi au ni kaburi la mababu, hilo ni jibu zito.

Sasa twende upande wa pili, ule wa walio hai. Kesi ya kale inayotajwa sana ni ya mwaka 1849 huko Boston. Dk. George Parkman alitoweka, na mabaki ya mtu yakapatikana katika maabara ya John Webster, mhadhiri wa Harvard, mengine yakiwa yamechomwa katika tanuri. Wanaanatomia walifanya kazi kubwa ya kuyapanga na kueleza umbo la mtu huyo. Ila aliyeleta jina alikuwa daktari wa meno, Nathan Keep. Yeye ndiye aliyemtengenezea Parkman meno ya bandia, na alikuwa amehifadhi kielelezo cha taya lake. Mahakamani akaonyesha jinsi vipande vilivyotoka kwenye majivu vinavyolingana na kielelezo. Bila kile kielelezo kilichokaa rafuni, meno yale yangekuwa meno ya mtu yeyote mwenye uwezo wa kununua meno.

Kesi ninayoirudia mara kwa mara ni ya mwaka 1935. Septemba mwaka huo, katika korongo karibu na Moffat, Uskoti, vilipatikana vifurushi vya viungo vya watu, vipande vipatavyo sabini. Muuaji alijua anatomia. Alikuwa daktari, Buck Ruxton, na alikuwa ameondoa kwa kisu karibu kila kitu ambacho kingewatambulisha wahanga wake: macho, ngozi ya nyuso, ncha za vidole. Mwanzoni polisi walidhani wana mwanamume na mwanamke. Wataalamu wakiongozwa na John Glaister na James Brash ndio waliounganisha miili hiyo miwili na kuonyesha kwamba wote walikuwa wanawake, mmoja kijana, mwingine mkubwa zaidi. Kisha wakapachika picha za mafuvu juu ya picha za watu walipokuwa hai, kazi inayotajwa mpaka leo kila fani hii inapoandikiwa historia.

Lakini kabla ya kupachika picha ilibidi wajue ni picha za nani, na hapo ndipo riwaya ingekuwa imeshasahau kusimulia. Baadhi ya vipande vilifungwa kwa gazeti, na gazeti lile lilikuwa toleo maalumu lililosambazwa katika eneo la Morecambe na Lancaster peke yake. Huko Lancaster, familia ya msichana wa kazi aliyeitwa Mary Rogerson ilikuwa imeripoti kwamba haonekani, na mke wa Dk. Ruxton, Isabella, naye alikuwa hayupo. Blauzi iliyokutwa pamoja na viungo ikaletwa mbele ya mama aliyemlea Mary. Aliitambua mara moja. Chini ya kwapa ilikuwa na kiraka, na kiraka alikuwa amekishona yeye mwenyewe.

Daktari aliyejua kila alama ya mwili alizifuta kwa ustadi, lakini kiraka cha kwapani hakukiona. Hata yule mtaalamu wa mifupa, kwa elimu yake yote, asingeweza kukisoma kwenye mfupa. Aliyeweza ni mwanamke mmoja aliyeikumbuka sindano yake. Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningeanzia kwake, siku alipokaa dirishani akiweka kile kiraka, bila kujua anaandika ushahidi.

Njia nyingine za kulinganisha hufuata mantiki ileile. Uwazi ulio ndani ya mfupa wa paji la uso hutofautiana baina ya mtu na mtu, na tangu mwaka 1927 picha za eksirei zimekuwa zikitumiwa kuulinganisha. Lazima basi marehemu awe aliwahi kuumwa, akapigwa picha, na hospitali ikaitunza. Chuma kilichofungwa kwenye mfupa uliovunjika huwa na namba ya kiwandani. Lazima basi kuwe na daftari linalosema namba ile aliwekewa nani. Jino lililozibwa husaidia ikiwa kadi ya kliniki bado ipo. Maskini ambaye hakuwahi kukalia kiti cha daktari wa meno anaweza kuwa na mifupa mizima kuliko mtu yeyote na bado akakosa wa kumtaja. Jambo hili linanisumbua. Kinachoamua nani atarudishiwa jina ni karatasi alizoziacha akiwa hai, na karatasi hazigawanywi sawa.

Kuhusu sura ya udongo inayofinyangwa juu ya fuvu, ambayo riwaya huipenda kwa sababu ina uso wa kututazama, niseme kwamba si utambuzi. Ni tangazo. Pua, midomo na masikio havina mfupa wa kuvieleza vizuri, kwa hiyo mfinyanzi anakisia kwa busara, na sura ile hupelekwa kwa umma ili mtu mmoja ajitokeze na kusema, huyu anafanana na dada yangu. Baada ya hapo ndipo ulinganishaji huanza. Inarudi palepale, kwa mtu aliye hai aliyekuwa akimtafuta mtu.

Na mtu akisema kwamba vinasaba, yaani DNA, vimemaliza mjadala wote huu, nitamkumbusha kaburi la Embu, Brazili. Juni 1985 lilifukuliwa likiwa na jina la Wolfgang Gerhard, na waliokuwepo waliamini aliyemo ni Josef Mengele, daktari wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, aliyekufa maji mwaka 1979. Timu ya wataalamu kutoka nchi kadhaa, akiwemo Clyde Snow wa Marekani na Richard Helmer wa Ujerumani, ilipima mifupa, ikatazama pengo la meno ya mbele, ikapachika picha za fuvu na za mtu mwenyewe, na ikatamka kwamba ndiye. Wapo waliokataa kuamini. Mashaka yalidumu mpaka 1992, vinasaba vya mfupa vilipolinganishwa na damu ya mwanawe. Maabara haitoi jina kutoka kwenye mfupa. Inatoa mfululizo wa alama ambao hauna maana mpaka ndugu anyooshe mkono atolewe damu.

Clyde Snow alilielewa hili mapema kuliko wengi. Alifika Argentina mwaka 1984, baada ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 kuwapoteza maelfu ya watu. Tayari makaburi yasiyo na majina yalikuwa yakifukuliwa kwa pupa, kwa majembe na hata kwa mitambo, mifupa ikivunjika na kuchanganyika. Akakusanya wanafunzi wachache wa anthropolojia na utabibu akawafundisha kufukua kwa mwiko na brashi, na kutoka kwao ikazaliwa timu ya Argentina ambayo baadaye ilifanya kazi katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika mbali na makaburi. Ilikuwa kukaa sebuleni na wazazi na kuuliza: aliwahi kuvunjika mkono? Jino gani lilimsumbua? Alikuwa akichechemea? Daktari wake ni nani, na bado yuko hai? Mwaka 1985 Snow alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya viongozi wa utawala ule. Ushahidi ulionekana kutoka ardhini, lakini nusu yake ilikuwa imetoka kwenye hizo sebule.

Nikifikiria riwaya ambayo ningependa kuisoma, nafikiria sebule hizo. Maswali yanayoulizwa pale ni mazito kuliko mahojiano yoyote ya mtuhumiwa, kwa sababu mzazi anayejibu vizuri anasaidia kuthibitisha kwamba mwanawe amekufa. Wapo waliosita kujibu. Wapo waliokataa kabisa, wakisema mwanangu alichukuliwa akiwa hai, mnirudishie akiwa hai. Mwandishi akikaa na mgongano huo hahitaji mtaalamu mwenye kipaji cha ajabu. Atahitaji mtaalamu anayejua kungoja.

Na sitaki riwaya hiyo iishe siku jina linapopatikana. Julai 1995, baada ya mji wa Srebrenica, Bosnia, kuangukia mikononi mwa majeshi ya Waserbia wa Bosnia, wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa. Miezi michache baadaye makaburi ya halaiki yalifukuliwa kwa mitambo na miili ikahamishiwa kwenye mashimo mengine ili kuficha uhalifu. Koleo la mtambo halijui wapi mtu mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika kaburi zaidi ya moja, umbali wa kilomita nyingi. Tangu 2001, Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea ilipoanza kuongoza utambuzi kwa vinasaba, familia zilitoa damu, na karibu watu 7,000 wamepata majina yao.

Kwa familia nyingi simu ya kwanza haikuhusu mtu mzima kamili. Ilihusu mfupa wa paja, au taya, au mifupa michache. Kisha anayepiga simu analazimika kuuliza kama wanataka kuzika sasa au kungoja, na kama kikipatikana kipande kingine mwakani wangependa kuambiwa au la. Wengine huzika, na baadaye kaburi hufunguliwa tena kwa heshima kuongeza kilichopatikana. Wengine husubiri. Wengine huomba wasipigiwe tena simu, na ombi hilo huandikwa kwenye jalada, chini ya jina.